Upande wa Pili wa Sangala

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Gaudensia alichota maji, akafagia uwanja na kumenya ndizi za kupika. Kisu cha nyumba ile kilikuwa kipana na kizito. Kilikuwa kimemenya ndizi nyingi hivi kwamba, kama maganda yake yangetandikwa barabarani, mtu angetoka kijijini kwao Mwakiro akafika Gitega bila kukanyaga vumbi.

Bibi yake, Dorotea, alizila ndizi hizo polepole kwa meno machache yaliyobaki. Kisha aligeukia upande jua linakotua, akakaza macho. Gaudensia alijua anatazama nini. Nyuma ya milima ile yote, mbali kabisa, kulikuwa na Ziwa Tanganyika.

Bibi alizaliwa kando ya ziwa hilo, karibu na Rumonge. Vita vilimkimbiza akiwa msichana, akaolewa na kuzeekea Tanzania. Familia iliporudi Burundi, ilifikia huku Muyinga, kwenye shamba la ukoo wa marehemu mumewe, katikati ya maharage na mihogo. Bibi hakulalamika. Alitamani kitu kimoja tu: kula samaki wa ziwa ambaye hajakaushwa.

"Ndagala mkavu ni salamu tu," alisema. "Mimi namtaka mgeni mwenyewe."

Tatizo lilikuwa miiba. Siku moja kule Tanzania mwiba ulimkwama kooni, akaponea chupuchupu. Tangu hapo samaki mwenye miiba hakumgusa.

Jumamosi moja baba yake Gaudensia, Kastori, aliingia nyumbani amebeba kitu kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Rafiki yake alikuwa ameleta samaki Muyinga kwa lori, ndani ya barafu, akampa sangala mmoja. Macho ya samaki huyo yalikuwa maangavu, na mashavu yake mekundu.

"Mama yako hayupo, yuko Itaba kwa dada yake aliyejifungua," Baba alisema. "Nani atatutolea minofu? Nimwite Mama Layla?"

Mama Layla, ambaye jina lake ni Hidaya, alikuwa jirani yao. Alikulia Gitega katika nyumba ya wakaanga samaki, na sasa alikaanga wake sokoni.

"Usimwite, Baba!" Gaudensia alidakia. "Mimi najua. Kule Tanzania niliwapasua wakubwa kuliko mlango. Mmoja alinipiga mkia nikaangukia kijiji cha pili!"

Baba alicheka. Hadithi ya mkia hakuiamini, ila hiyo ya kupasua aliiamini. Akachukua jembe, akaenda shambani.

Ukweli ni kwamba kule Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, Gaudensia aliona samaki wakavu tu, na ziwa lenyewe hakuwahi kulitia machoni. Lakini alitamani sana mkono utakaomrudishia Bibi ziwa lake uwe wake.

Habari za sangala hazikai nyumba moja. Punde si punde Layla, binti wa Hidaya, alifika na kisu kirefu, chembamba, chenye ncha kali. Alikibonyeza ubapa kwa kidole, kikapinda.

"Mama amesema utumie hiki."

"Hiki?" Gaudensia alicheka. "Kinapinda kama jani! Mpe mtoto achezee."

"Haya, fundi wa Tanzania," Layla alijibu, akaondoka na kisu chake.

Gaudensia alichukua kisu cha ndizi. Akakinoa kwenye jiwe lilelile la kunolea mapanga na majembe, mpaka makali yakawa na meno meno. Akamlaza samaki, akapiga kwa nguvu kama mtu anayepasua muhogo. Sangala akateleza. Akapiga tena. Kisu kigumu kilikata nyama na mifupa pamoja, na upande mmoja wa samaki ukawa vipande vilivyochanika.

Alivipika hivyohivyo kwa nyanya na vitunguu, akiomba moyoni miiba iyeyuke.

Harufu ilipoenea, Bibi aliinuka mkekani bila kuitwa. Akavaa kitenge chake cha kanisani, akanawa mikono, akakaa.

"Harufu hii!" alisema. "Baba yangu alikuwa akirudi alfajiri, nasi watoto tunamngojea majini mpaka magotini..." Akachukua kipande, akakipeleka mdomoni.

Gaudensia aliona kitu cheupe, chembamba kama sindano, kimechungulia kwenye kipande kile.

"Bibi, usile!" Alimshika mkono. "Kuna miiba. Nimedanganya. Sijawahi kupasua samaki hata mmoja."

Bibi alikirudisha kipande kwenye sahani taratibu, kama anayemlaza mtoto. Hakugomba. Aligeukia upande wa ziwa, na Gaudensia akaona afadhali angechapwa fimbo. Kisha akauliza:

"Upande wa pili uko wapi?"

"Sijaukata. Nimeufunika jikoni."

"Basi unangoja nini? Mkimbilie Hidaya, umwambie ulivyoniambia mimi."

Gaudensia alikimbia, akaeleza yote huku akilia. Hidaya alikuja na kisu chake, akafunua samaki, akapiga makofi.

"Yoo! We mwana, ulipasua samaki ama ulichanja kuni?" Lakini akamsogezea kigoda. "Bon, nawa mikono na sabuni, tena osha ubao. Paka chumvi kwa vidole, samaki asiteleze. Sasa ona. Mfupa wa samaki hauko sawa kama meza, unapanda, unashuka. Kisu kigumu kinapita ndani ya nyama. Hiki kinapinda, kinafuata mfupa. Ndiyo kazi yake."

"Nami nikakicheka," Gaudensia alisema.

"Ego, ndiyo, Layla aliniambia. Mi nilicheka zaidi. Shika! Kata nyuma ya shavu mpaka ugonge mfupa. Laza kisu, teleza kwenda mkiani. Usikandamize! Mkono wako ukae nyuma ya makali, si mbele."

Kisu kiliteleza. Gaudensia alisikia makali yakikwaruza mifupa, krr, krr, krr, na nyama ikainuka kipande kimoja. Hidaya akamwonyesha kutoa mbavu, kisha kupapasa mnofu kwa ncha za vidole mpaka asisikie mwiba hata mmoja.

Jioni Bibi alitafuna akiwa amefumba macho. Machozi yalimshuka, naye hakuyafuta.

"Ni yeye, yule mgeni wako?" Gaudensia aliuliza kwa woga.

"Ni yeye. Ziwa bado nalitamani, mjukuu wangu. Hamu ya nyumbani haimalizwi na sahani moja. Lakini leo nimelisogelea." Akameza, akamtazama. "Ulitaka kunifurahisha kwa uongo, ukakaribia kunikaba koo. Ulipotaka kujifunza, umenilisha. Mtu akisema 'sijui, nifundishe,' anapoteza majivuno kidogo tu. Akisema 'najua' naye hajui, mwenzake ndiye anayeumia."

Ule upande wa kwanza hawakuutupa. Baba Kastori alijitwika kazi ya kuula, mwiba kwa mwiba, na majirani wanaapa kwamba alipomaliza, maharage aliyoyapanda asubuhi yalikuwa yameshatoa maua.