Shairi la Kumwita Ntinyari

Uji wa Makandi ulianza kuisha kikombeni kabla hajauonja.

"Baba Mukiri, ni wewe umekunywa hii uji yangu?" aliuliza asubuhi moja, mtoto mchanga akiwa mgongoni.

Mumewe, Mutegi, alikana. Alikuwa mezani akitafsiri mashairi yake ya Kijerumani, kazi aliyoipenda tangu arudi kutoka masomoni Ujerumani na kuja kufundisha hapa Mitunguu, kwenye joto na ndizi tupu. Mwalimu huyu alikuwa mbishi kama mtoto: neno likimkatalia, hali chakula. Shairi lililomsumbua zaidi lilikuwa la mama anayemwita mwanawe atoke mtoni, arudi nyumbani. Kwa Kiswahili lilitoka zuri lakini likabaki baridi. Basi siku chache kabla ya uji kuanza kuisha, akiwa peke yake, akaligeuza kwa Kimeru, akaondoa jina la yule mtoto wa Kijerumani na kuweka la Ntinyari, binti yao aliyezama mtoni kabla hajaanza shule, akalisoma kwa sauti, mlango wazi. Lilitoka vizuri hata akalia kwa furaha, maskini. Hakukumbuka kwamba Ntinyari hakujua lugha nyingine ila hiyo.

Kisha nyumba ikaanza kunuka tope la mto. Mukiri akakataa kunyonya. Kila Makandi alipomweka kwenye ziwa moja, alihisi lile lingine likivutwa na mdomo baridi asiouona, na mtoto akazidi kukonda, na harufu ikapanda kutoka sakafuni hadi kwenye blanketi hadi kwenye nywele zake, na mchana kweupe, jua likiwaka nje, vicheko vidogo vikapita chini ya meza na kunyamaza miguuni pa Mutegi.

Wakamwita Sharifo, mjane anayeuza vitambaa sokoni na kuwasomea dua watu waliopagawa na majini. Alisoma hadi sauti ikamkauka. Harufu haikutikisika. Ndipo Mutegi akamweleza habari ya shairi.

"Mwalimu, hilo ni jini, limevaa sauti ya mtoto wako," alinong'ona. "Umeliita kwa Kimeru, kisomo changu cha Kiarabu halisikii. Litoe wewe, kwa Kimeru hicho hicho. Ukichelewa litaenda na huyu mdogo."

Mutegi alijaribu kutunga ubeti, akakwama. Mwishowe alisema tu, kwa Kimeru, "Ntinyari, ondoka. Hapa si kwenu tena."

Chini ya meza sauti ya mtoto ikauliza, "Niende wapi, baba?"

Mutegi alijiuliza: kama kweli ni jini, mbona linamwita baba kwa woga hivyo?

Makandi ndiye aliyejibu, kwa Kimeru, polepole, kama aliyekuwa akimtuma kwa jirani. "Enda kwa nyanya, yule tulikuita jina lake. Alitangulia. Atakufungulia."

Harufu ikatoka mlangoni. Mukiri akalia kwa njaa, akanyonya kwa pupa.

"Usiwahi kusoma hiyo shairi tena," Makandi alimwambia mumewe, machozi yakimdondokea mtoto. "Leo ndio nimemzika."