Oloirien Nyingine

Rafiki yangu Mwelu, wa Noonkopir, alipigiwa simu na mumewe Mulinge, mchimba visima. "Mama Mumo, kisima kimeniporomokea. Niko Oloirien. Kujeni mnitoe." Simu ikakatika.

Oloirien ni mzeituni wa mwitu, na Wamaasai wameliacha jina hilo kila mahali mti huo ulipoota. Mutunga, ndugu ya Mulinge, alikimbilia Oloirien ya upande wa Matasia. Mwelu akabebwa na pikipiki hadi ile iliyo mbele ya Kajiado mjini.

Mzee mwenye boma alishangaa. "Hapa hakuna mtu anachimba, mama. Kisima ni hiki cha zamani, kilikauka."

Mwelu aliinama juu ya shimo. Giza lilianzia pale pale mdomoni. Chini kabisa alisikia sururu ikigonga mwamba, polepole, kama ya mtu aliyechoka.

"Baba Mumo!"

Sururu ikanyamaza. "Mama Mumo," sauti ya Mulinge ikajibu, "fanyeni haraka, hewa inaisha."

Mzee pia alisikia. Alileta kamba mbio, akaifunga kwa mti, wakaiteremsha. Hapo simu ya Mwelu ikalia. Alikuwa Mutunga, na alikuwa akilia.

"Tumemtoa, shemeji. Tumechelewa. Amelala hapa mbele yangu, nimemfunika na koti langu."

Mwelu aligeukia kisima. Kamba ilikuwa imekazika, na kule chini mtu alikuwa ameanza kupanda.