Faili la Naomie

Asubuhi ile alama ya faili la Naomie ilikuwa ya kwanza kwenye mstari wa chini wa skrini, na Sidonie alikumbuka vizuri kwamba aliiweka ya mwisho. Akairudisha mahali pake, akalaumu kompyuta kwa uzee wake, akaendelea na fotokopi.

Yeye na mumewe Placide wana kibanda cha kuandikia watu barua karibu na soko la Kasongo. Placide ni mvivu wa kutafuta. Kila faili analolitumia sana hulitengenezea njia ya mkato na kuipachika kule chini, abonyeze mara moja tu lifunguke. Sidonie alijifunza kwake. Baada ya matanga alipachika pale sauti ya binti yao Naomie, ujumbe wa mwisho aliotuma akiwa kwa bibi yake kule Wamaza: "Mama, mvua iko inanyesha. Kesho nitarudia." Kesho yake homa ilimpanda, pikipiki iliyokuwa ikimrudisha ikanasa matopeni kabla ya kufika Kasongo, na mtoto akafia barabarani. Tangu hapo, kila asubuhi Sidonie alifungua mlango, akabonyeza, akalia, ndipo akaanza kazi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nani angemkataza?

Placide alishindwa kuvumilia, naye ni mzazi pia. Siku moja mkewe alipokwenda sokoni alilifuta faili lenyewe, na lile la kwenye simu, akidhani anamsaidia. Alama ya kule chini alisahau kuiondoa. Sidonie aliporudi akaibonyeza. Kompyuta ilipaswa kuandika kwamba faili halipo. Badala yake kibanda kikanuka matope mabichi, ingawa nje kulikuwa na vumbi la kiangazi, kisha spika zikasema polepole:

"Mama, niko kwa mulango."

Karatasi zilimponyoka Placide. Akakiri pale pale, kwa sauti ya chini, kwamba amelifuta. Sidonie hakumgombeza. Alibonyeza tena.

Kuanzia siku hiyo sauti ilisema mapya, ikauliza baba amekula nini, ikacheka, ikalalamika baridi, na jioni, wateja wakishaondoka, ikaanza kuita bila kubonyezwa, kompyuta imezimwa na waya wa betri ya sola umechomolewa, huku nyayo ndogo za maji zikizunguka kibanda na kuishia kizingitini, zikingoja mama aseme neno moja tu, ingia, na Sidonie, Mungu amsamehe, alikwisha kufungua kinywa alitamke.

Ni watu wa kanisa, lakini aliyezidiwa hachagui mlango wa kubisha. Placide alimwahi mkewe kabla hajalitamka, kisha akamleta Mwalimu Ibrahim wa msikitini, anayejua kuwasomea majini. Mzee alisikiliza, kichwa chini. Alieleza kwamba sauti ya marehemu, ikirudiwa kila asubuhi mlango ukiwa wazi, husikiwa na wengine tusiowaona, na jini mmoja alikuwa amejifunza kuiiga. Kisomo chake kingemdhoofisha jini huyo tu. Alama ilipaswa kuondolewa na mkono ulioiweka.

"Nikiitoa, nitamusikia wapi tena?" Sidonie aliuliza.

"Ile haiko mutoto wako, mama."

"Najua, Mwalimu. Lakini iko na sauti yake."

Mzee akaanza kusoma. Spika zikabembeleza, mama usinitupe, mama huku kuko baridi, zikalia kama Naomie alivyolia alipoachishwa ziwa, na Placide akasimama nyuma ya mkewe analia naye, asithubutu kumshika mkono, mpaka kidole cha Sidonie kikaifikia alama na kuiondoa. Harufu ya matope ikakatika.

Sasa kibanda kimetulia na wateja wanakuja. Placide aliomba msamaha, akasamehewa, angalau kwa mdomo. Ila jioni Sidonie hukaa peke yake, macho kayafumba, akijaribu kuikumbuka sauti ya mwanawe. Inayomjia ni ile ya jini, na nyingine hana.