Mfuko wa Sitini na Nne

"Kituo kwa Nyigu. Lori linaondoka baada ya dakika tano. Usichane mfuko hata mmoja bila sababu ya kumpa hakimu."

"Sababu inakuja, Mzee."

Nyigu, jasusi wa kike, alipachika redio kiunoni kwa hasira. Wiki iliyopita alimzika kaka yake, askari wa doria, aliyepigwa risasi nne kifuani. Risasi hizo ziliingia nchini ndani ya saruji. Alilijua hilo. Wakubwa walitaka ushahidi.

Ndani ya ghala, mfuko wa sitini na nne kutoka shehena ya lori ulitua kwenye mizani ya dijitali.

Meneja wa ghala alicheka. "Dada, utapima mpaka uote mvi? Huu umezidi gramu mia mbili tu. Mifuko haifanani."

"Mfuko mmoja, sawa. Katika kila mia, thelathini hivi huzidi hivyo. Kiwanda chenyewe kimeandika: kilo hamsini, mtawanyiko, yaani kuyumba kwa kawaida kwa mfuko mmoja, gramu mia nne."

"Sasa unatafuta nini?"

"Wastani wa yote sitini na nne, niliyoichomoa huku na huko bila kuchagua. Mizito na miepesi hufutana. Wastani hauyumbi kama mfuko mmoja." Alibofya kikokotoo. "Kuyumba kwake hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi, na cha sitini na nne ni nane. Mia nne gawanya kwa nane, hamsini. Wastani wako umezidi mia mbili. Hatua nne nzima za hamsini!"

"Basi ni bahati tu."

"Bahati hiyo hutokea mara tatu katika laki moja, mshenzi wewe! Mngejaza mfuko mmoja, huenda nisingeuokota. Mmegawa kidogokidogo katika kila mfuko, mkadhani mmeficha!"

Kicheko kikakatika.

"Mzee, tatu kwa laki."

Redio ikakwaruza. Kisha: "Chana."

Kisu kikazama. Saruji ikamwagika.

Risasi kumi na mbili zikaviringika sakafuni.

Meneja akachomoa bastola. Alichelewa. Teke likamvunja kifundo cha mkono, na bastola ya Nyigu aina ya Glock ikamgusa paji la uso.

"Dada, nihurumie! Nina watoto."

"Kaka yangu ameacha watatu."

Kidole kikakaza kwenye kifyatulio.

"Nyigu!" redio ikanguruma. "Namtaka hai."

Alisaga meno. Akamkandamiza ukutani, akamfunga pingu mpaka mtu mzima akalia kama mtoto.

Nje, askari walikuwa wamemshusha dereva na kuzima injini.

"Afande," mmoja aliita, "mifuko mia sita hii tuifanyeje?"

Nyigu alikung'uta saruji mabegani, akavaa miwani ya jua.

"Ichaneni yote."

Hakugeuka nyuma.