Tandiko Lililotaka Mgongo

Juu tandiko lilikuwa kavu na limepasukapasuka, lakini Mulei alipoligeuza alikuta upande wa chini umelowa jasho. Jasho la farasi, la moto, kana kwamba mnyama amevuliwa sasa hivi.

"Lilipandwa leo?" akauliza.

"Halijapandwa tangu mwaka juzi," Gerishon akajibu, akitazama mlangoni.

Gerishon alikuwa mtunza farasi katika shamba moja la kahawa kule Ruiru. Alilileta tandiko hilo kwa baiskeli hadi Makongeni, Thika, ambako Mulei na mkewe Syokau walishona viatu, mikanda na hatamu katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Ulikuwa mwaka wa 1955, barabara zimejaa vizuizi vya askari, na mtu hakutoka kwao ila kwa jambo la maana.

"Bwana anataka kujua kama linafaa kutengenezwa au litupwe," Gerishon akasema. "Wewe sema tu. Linafaa au halifai?"

Mulei akaliegemeza gotini, akalikunja kwa nguvu kusikiliza kama mbao ya ndani imevunjika. Ilikuwa nzima. Ila ngozi ya kukalia ilikuwa imechanika, sufu inamwagika, na mkanda wa tumbo umeoza.

"Halifai," Syokau akasema, leso puani. "Kuna kitu kinanuka humo ndani. Mrudishie."

Mulei hakupenda kusikia kwamba ngozi imemshinda, tena mbele ya mgeni. "Linafaa," akasema. "Nitalitengeneza."

Tandiko likashusha pumzi. Wote watatu walisikia. Gerishon hakuuliza hata lingekuwa tayari lini. Alirukia baiskeli akaondoka kama mtu anayefukuzwa.

Kesho yake Mulei alianza na ngozi ya kukalia. Kila alipovuta uzi, Syokau, aliyekuwa akiosha vyombo uani, aliguna. Harufu ya farasi ikaingia kwenye unga, kwenye mablanketi, hata kwenye maji ya kunywa. Jioni kitu kikaanza kutafuna chuma, kra, kra, na Mulei alipoinua taa akaona ni mkewe, macho wazi, anatafuna hewa.

"Baba Kimeu," akamnong'oneza mumewe, "kuna mtu amenikalia mgongoni."

"Ni ndoto."

"Ana visigino. Ananipiga navyo mbavuni."

Asubuhi Mulei alishona mkanda wa tumbo, akijiambia kwamba akimaliza upesi litaondoka. Alipokaza mshono wa mwisho wa mkanda huo, Syokau akaanguka uani kwa mikono na magoti, na mgongo wake ukabonyea katikati kana kwamba umetwikwa gunia la mawe, akaanza kuzunguka, polepole kwanza kisha mbio, viganja vikigonga udongo kwa sauti ambayo haikuwa ya viganja bali ya kwato, pembe za mdomo zikichanika na kutoa damu ingawa hakuna kilichomgusa, na majirani waliochungulia wakarudi ndani wakakomea milango kwa sababu waliona, wote waliona, kwamba kivuli chake kilikuwa na mtu juu.

Mulei aliendesha baiskeli hadi Ruiru bila kupumzika. Akamkuta Gerishon zizini, akamkaba shati, akambana ukutani.

"Umeniletea nini?"

"Punguza sauti," Gerishon akanong'ona. "Ndugu wa bwana aliburutwa na farasi hadi akafa. Mguu ulinasa kwenye kikuku cha kukanyagia cha tandiko hilo. Tangu hapo hataki kushuka. Bwana aliniambia nilichome tandiko, likakataa kushika moto. Nikalishona kidogo, nikidhani atatulia. Akanipanda mimi."

"Na ukanitupia."

"Hamwachi mtu mpaka mwingine aseme linafaa."

"Niliyesema ni mimi. Kwa nini ampande mke wangu?"

"Wewe ni fundi. Mikono yako anaitaka imalize kazi. Mgongo anautafuta kwa aliye karibu."

"Nikifumua?"

Gerishon akaporomoka magoti kwenye majani makavu. "Ngai! Ukifumua atarudi kwangu. Mke wangu Wakonyo ana mimba, fundi. Tafuta mtu mwingine aseme. Yeyote! Mpita njia, mlevi..."

"Wewe ulinitafuta mimi," Mulei akasema, akamwachia shati.

Aliporudi Makongeni alimkuta Syokau bado anazunguka uani, viganja vimechubuka. Akalitoa tandiko nje, akashika kisu. Kilipogusa uzi wa kwanza, kinywa cha mkewe kikafunguka, ikatoka sauti ya mwanamume, kavu, ya kuamrisha.

"Shona."

Mulei akakata.

"Shona, au nitamvunja."

Ubavu ukalia, ka! Syokau hakuweza hata kupiga ukelele. Kisu kikasimama. Kisha Mulei akaendelea, akafumua mshono baada ya mshono mpaka tandiko likafunguka lote na sufu ikamwagika. Syokau akalala kifudifudi. Kwato zikapita kando yake, pasipo farasi, zikatoka langoni na kushika njia ya Ruiru.

Jumapili, kanisani, mfanyakazi mmoja wa shamba lile alieleza jinsi Gerishon anavyokimbia kwa mikono na magoti kati ya mistari ya kahawa, na mkewe nyuma yake akilia. Mulei alirudi nyumbani akamweleza Syokau, aliyekuwa kitandani, mbavu zimefungwa kitambaa.

"Ulijua atamrudia?"

"Nilijua. Alinipigia magoti."

Syokau akagusa kitambaa cha mbavuni.

"Kisu kilisimama," akasema. "Ubavu wangu ulipovunjika, nilikuona. Ulikuwa unamfikiria Gerishon, si mimi."

Akageuza uso ukutani.