Mgeni wa Ndani ya Friji

Friji la Rosalia lilianza kugonga mchana kweupe, watoto wa Tegeta wakiwa mlangoni kwake na foleni ya barafu za ukwaju. Ngo. Ngo. Ngo.

Chumba cha mkabala, Avelina alilisikia akiwa amelala na digrii yake. Digrii ya Kiingereza, upper second kabisa! Na maji ya baridi anamwomba jirani aliyeishia la saba. Eti friji kanunuliwa na mumewe, Marselino, mchonga vinyago. Mwanaume anachonga magogo, mke anakunywa baridi. Are you serious, Mungu? Moyo wa Avelina ulikuwa unachemka bila jiko.

"Msomi wetu." Rosalia alisimama mlangoni na kijitabu cha friji. "Nisomee hiki Kizungu, shoga. Linagonga, linakoroma, saa nyingine linapumua kama mtu. Naogopa mie."

Avelina akasoma. Kugonga: normal. Kukoroma: normal. Kupumua: normal. Plastiki inajikunja kwa baridi, gesi inapita kwenye mabomba, basi. Akakifunga taratibu.

"Wanasema likigonga, ujue kuna aliyemo."

"Yesu na Maria!"

"Ndo kilichoandikwa. Bora uniachie mie, siogopagi vitu hivyo."

Wakaenda kuliangalia. Likagonga tena, ngo, ngo, ngo. Avelina, ili kukoleza uongo wake, akaliinamia: "Karibu, mgeni. Pita ndani, hapa kwako."

Rosalia akamziba mdomo kwa kiganja. Hata mtoto wa chekechea anajua: hodi ya usiyemwona haijibiwi.

Friji likanyamaza.

Jioni Rosalia alilitoa koridoni huku analia. "Lichukue wewe uliyemkaribisha."

Vijana wakalibeba hadi chumbani kwa Avelina, naye akalipokea kama bibi harusi. Foleni ya watoto ikahamia kwake. Barafu zake zilikuwa ngumu kama mawe, ila zilinukia udi kwa mbali, na watoto walizilamba kimya kimya, bila kugombana.

Kilichomnyima raha ni ule ukimya. Halikugonga, halikukoroma, halikupumua, na yeye, aliyekijua kijitabu kwa kichwa, akaanza kutamani angalau mguno mmoja, mpaka siku moja akapiga magoti akaufuata waya kwa vidole, nyuma ya friji, chini ya kitanda, kwenye vumbi na nywele zake mwenyewe, akaikuta plagi imelala sakafuni, haijachomekwa popote tangu lihamie, na buibui ameshajenga juu yake.

Avelina akakurupuka kukimbia. Mkono ulishashika kitasa.

Ndipo akasikia ng'ambo ya korido: ngo, ngo, ngo. Na kicheko cha Rosalia.

"Marselino jamani! Friji jipya, tena la milango miwili! Hili hata likigonga, acha ligonge!"

Mkono ukabaki kwenye kitasa. Moyo ukachemka upya.

Nyuma yake mlango wa friji ukafunguka polepole, ubaridi ukampanda shingoni pamoja na harufu ya udi, na sauti ya chini, sauti yake yeye mwenyewe, ikamnong'oneza sikioni:

"Shoga. Na lile unalitaka?"

Avelina alimeza mate. Yalikuwa ya baridi mpaka tumboni.

"Nalitaka."

"Basi tangulia."

Akavuka korido. Hakugeuka kutazama kinachomfuata. Akagonga taratibu, akailainisha sauti kama asali.

"Hodi, shoga!"

"Karibu, msomi wetu!" Rosalia alijibu, bado anacheka. "Pita ndani, hapa kwako!"