Dumu la Kunawia Mikono

Shuleni walimwita Mgeni. Muhula mzima ulikuwa umepita tangu ahamie pale, lakini jina lilimng'ang'ania kama kupe. Mama yake alifua mashuka hospitalini, akarudi jioni amechoka hoi. Walikula kimya, wakalala.

Wakati wa mapumziko wenzake walicheza. Yeye alikaa peke yake kwenye ngazi, karibu na pipa la kunawia mikono. Ndiyo maana aliona ambalo wengine hawakuliona. Watoto wa darasa la kwanza walitoka chooni, wakasukumana penye bomba la pipa lile, kisha wakaondoka bila kunawa. Wiki ile watano kati yao waliugua kuhara.

"Ni wafupi, hawafiki," Mgeni alijisemea.

Akapanga matofali chini ya bomba. Hakumwuliza mtu. Kesho yake mtoto mmoja mwenye pengo aliteleza juu ya matofali yale, akachubuka goti.

"Nani kaweka haya?" mwalimu mkuu akafoka.

Mgeni akanyoosha mkono. Watoto wakacheka. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alikuwa akiyaondoa matofali, machozi yakimlengalenga, ndipo fundi seremala aliyekuwa akitengeneza madawati alipomwita.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti yangu. Nia yako njema. Ila umempa mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza anaumwa wapi."

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi nikiagizwa meza, sikimbilii msumeno. Kwanza namwuliza atakayeitumia: shida yako nini? Halafu napima. Nachora namna mbili tatu, nachagua moja. Naijaribu kwa mabaki ya mbao. Ikiyumba, natafuta kwa nini, narekebisha, najaribu tena."

Mgeni alilaza tofali chini. Kupima angeweza. Kuchora angeweza. Lakini kuuliza?

"Fundi, mimi sina mazoea na watu hapa."

"Anza na yule mwenye pengo. Hata pole hujampa."

Alizunguka uwanja mara mbili kabla ya kumsogelea.

"Pole kwa goti," alisema. "Eti, kwa nini hamnawi?"

"Kufika tunafika, dada! Bomba lenyewe ni la kubonyeza. Ukiliachia, maji yanakatika. Mkono mmoja umebonyeza, huo mwingine utanawa na nani?"

Kumbe shida haikuwa urefu kabisa!

Siku hiyo alihesabu. Kati ya watoto ishirini waliotoka chooni, wanne tu walinawa. Akachora njia tatu, akampelekea fundi. Kubadilisha bomba: shule haikuwa na uwezo. Kikombe cha kuchotea: lazima awepo wa kukumiminia. Dumu la kuning'inia, lenye kamba iliyofungwa kwenye kijiti cha kukanyaga: ukikanyaga, dumu linainama, maji yanatoka, mikono yote miwili iko huru. Vifaa vyake vilikuwapo stoo. Wakachagua hilo.

Jaribio la kwanza, kamba ilikatika. La pili, tundu la kutolea maji lilikuwa kubwa, dumu likaisha kabla watoto kumi hawajanawa. Mgeni alikaa chini akitaka kulia.

"Dumu halijakutukana," fundi alisema. "Limekuambia tu pa kurekebisha."

Wakatafuta dumu jingine, wakalitoboa kwa msumari mwembamba. Kamba wakaikunja mara mbili. Chini wakamwaga kokoto, maji yasituame, na pembeni wakaweka sabuni.

Mgeni akahesabu tena. Kati ya ishirini, walinawa kumi na wanane.

"Na hao wawili?" fundi aliuliza.

"Sabuni imewaponyoka ikaingia kwenye kokoto. Kesho nitaining'iniza kwenye wavu."

Mwezi uliofuata, mgonjwa wa kuhara darasa la kwanza alikuwa mmoja tu. Mwalimu mkuu akaagiza madumu mengine manne.

Hata hivyo, wenzake wa darasani hawakumwita kucheza. Aliendelea kukaa kwenye ngazi, akitazama mpira wao ukiruka. Siku moja yule mwenye pengo akaja, mikono inachuruzika maji, akajibana ubavuni pake.

Kisha mtoto akavuta pumzi.

"Dada, mlango wa darasa letu unatubana vidole. Njoo utuulize."

Mgeni akachukua penseli yake, akasimama.